Kitufe cha Endelea

Tulikuwa na sheria moja tu: hakuna kubonyeza Endelea mpaka sote wawili tumeelewa. Mume wangu ndiye aliyeiweka, siku tulipoanza masomo ya fizikia ya mtandaoni. Simu ya kuingia mtandaoni ilikuwa moja, yangu, tukaiegemeza kwenye chupa ya chai. Masomo yenyewe hayana kengele wala mwalimu wa kukukodolea macho; unakwenda kwa mwendo wako. Mwendo wangu ni wa kobe, na Kobe ndilo jina alilonipa kwa utani.

Sote tulifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Zilitangazwa nafasi za kusomea ufundi wa mitambo ya kutibia wagonjwa, na anayetaka lazima afaulu kwanza mtihani wa fizikia ya mwanzo. Tukaapa kutoka pamoja kwenye ule mvuke. Mimi nilishaanza hata kuwaringia wenzangu wa kupiga pasi.

Tukakwama kwenye mwendo wa duara. Somo lilitoa mfano wa mashine ya kukamulia nguo, nikachekelea, maana ile mashine naijua kuliko jiko langu. Pipa linazunguka, maji yanatoka kupitia matundu. Nikajibu kwamba kuna nguvu inayoyasukuma nje. Jibu likaja jekundu. Nikarudia video, jekundu tena. Kila jioni nilimuuliza mume wangu kama yeye ameelewa, naye anakuna kichwa na kusema bado, turudie kesho. Nilimpenda kwa lile neno bado. Nilikuwa mjinga, lakini nilikuwa na mwenzangu.

Mtihani ulipokaribia, mashine moja ya kukaushia iliharibika, akaja fundi. Mimi nilikuwa nyuma ya lundo la mashuka, hawanioni. Nikamsikia mume wangu akimuuliza habari za mkondo wa umeme na ukinzani wa waya, taratibu, kama mtu anayeulizia watu wa nyumbani kwake. Umeme uko mwisho kabisa wa masomo. Sisi hata nusu hatujafika. Nikakaa juu ya mashuka machafu.

Nyumbani sikuzungukazunguka, nilimuuliza. Akakiri kwamba anayo akaunti yake, anasoma saa za mapumziko kwenye kompyuta ya mtunza stoo, na alishamaliza yote.

"Nilikuwa nakusubiri," akasema.

"Hukunisubiri. Ulitangulia, halafu ukawa unarudi kunichungulia."

Akainamisha kichwa. Angenitukana ningepoa mapema. Kilichonichoma ni zile jioni zote alizokaa ubavuni mwangu akijikuna kichwa, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Alifanya mtihani, akafaulu. Mimi sikwenda, nilisema naumwa, na kweli nilikuwa naumwa. Chuo kiko mji mwingine. Mwanzoni alipiga simu kila jioni, baadaye Jumapili, sasa ni pale anapopata nafasi. Mama mkwe huniuliza nilimfanya nini mwanawe hadi akawa hivi. Nami nikilala najiuliza hayo hayo: ni mwanamke gani, ni neno gani nililomwambia, ni kitu gani kilichomsukuma.

Jana kazini nilisimama nikatazama ndani kupitia kioo cha mashine ya kukamulia. Hakuna kinachoyasukuma maji. Maji yanataka kwenda moja kwa moja tu. Mashuka yanazunguka kwa sababu ukuta wa pipa unayazuia, lakini maji yakifika penye tundu hakuna cha kuyazuia, yanaendelea na safari yake. Nililia pale pale. Wenzangu wakadhani sabuni imeniingia machoni.

Jioni nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikajibu upya. Likaja la kijani, na kitufe cha Endelea kikawaka. "Nimeelewa," nikasema kwa sauti, nikageukia kiti cha mume wangu. Kidole kikabaki hewani, kikimngoja na yeye aseme.