Mabior Ukutani mwa Bucha

Mzee Yak alikuwa ametolewa bandeji za macho hospitalini asubuhi hiyo, na kila kitu cha Lodwar kilimfurahisha: mbuzi, bodaboda, hata lundo la takataka. Mwanawe Marial, aliyekuja naye kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, alikuwa anamwomba Mungu ule ugonjwa wa mtoto wa jicho urudi kwa dakika kumi tu, mpaka walipite bucha la Yahye, muuza nyama.

Marial ni mchoraji. Alizaliwa kambini na hajawahi kuchunga hata ndama. Yahye alipotaka achorewe malisho ukutani, yenye mto, nyasi, na maksai wa kumtoa mteja mate, Marial alikuwa na maksai mmoja tu kichwani: Mabior, maksai mweupe wa ujana wa baba yake. Kijana wa Kidinka akipewa maksai wake huitwa kwa jina la maksai huyo na humtungia nyimbo. Kumla ni jambo asilolifikiria.

Kwa miaka mzee alikuwa akimweleza mnyama huyo, pembe ya kushoto iliyopindwa ikaja mbele, kishada cha manyoya kwenye ncha, ili mwana amchoree kwenye ubao, amwone tena macho yakipona. "Kesho, Baba," Marial alikuwa akijibu. Kwa Yahye hakusema kesho. Na hata alipoona mapaja yametundikwa kwenye kulabu chini ya kwato za Mabior, hakurudi kufuta. Watu walikuwa wanapiga picha. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, na alijivunia, mjinga yule.

"Baba, tupite huku nyuma, kuna kivuli."

"Kivuli nimekaa nacho miaka mingi," mzee akacheka. "Wacha mimi naona mji."

Yahye akawaona kwa mbali. "Msanii! Unapita bila salamu? Huyu ni mzee wako? Karibu, Mzee, karibu uone kazi ya kijana!"

Akamshika mkono kwa heshima zote, akamsimamisha mbele ya ukuta. Mzee Yak akatazama. Akasogea. Kidole chake kikafuata ile pembe ya kushoto polepole, mpaka kwenye kishada. Chini yake kijana wa bucha alikuwa anapasua mbavu kwa shoka.

Marial alitamani ardhi immeze.

"Hata wateja wanauliza huyu ni ng'ombe ya nani," Yahye alisema kwa furaha. "Ni yako, Mzee? Ya huko kwenu?"

Mzee akaondoa mkono ukutani. Hakumtazama mwanawe.

"Hapana," alisema. "Mimi hata siku moja sijakuwa na ng'ombe."

Akaomba aonyeshwe magari ya kurudi Kakuma yaliko, akatangulia.