Kura ya Mji wa Vidole

Mimi nilipiga kura ya chombo. Nalisema mapema, mtu asije akanisingizia kesho eti niliutaka ule mji. Sikuutaka, wallahi, na nilisema hivyo mbele ya wote watatu, tukiwa tumeketi mkekani barazani kwa Eeddo Fatumo, hapa mtaani Waberi, baada ya swala ya alasiri.

Eeddo ni dada ya baba yangu. Mwanawe Siyad ndiye aliyetuletea mchezo huu alipomaliza chuo Nairobi. Mnakaa wanne, mmoja anausimulia ulimwengu, wengine kila mtu anakuwa mhusika wake, na jambo likiwa gumu bahati inaamua. Kwingine wanarusha dadu. Sisi Eeddo aliliona dadu siku ya kwanza, akapiga kelele, "Kamari kwa nyumba yangu? Astaghfirullah!" Basi tukakata vikaratasi ishirini, tukaviandika namba, tukavitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Unaingiza mkono bila kutazama, unachomoa bahati yako. Eeddo akaridhika. Tofauti yake na dadu sijaiona mpaka leo, lakini nani atabishana na Eeddo?

Mwezi wa Agosti kulikuwa na kongamano la wachezaji Nairobi. Kila kundi lipeleke ulimwengu mmoja wa siku zijazo, liucheze mbele ya watu. Sisi tulikuwa nao mitatu, na ilibidi tuchague.

Wangu ulikuwa chombo cha angani kilichoiacha dunia kikiwa na ukoo mzima ndani, safari ya miaka mia tatu. Nimekiandika tangu kidato cha tatu, daftari mbili zimejaa. Hani, rafiki yangu tangu shule, alitaka wafugaji wa sayari ya Mars, na ngamia waliofungwa mitungi ya hewa. Tulicheka mpaka jirani yetu Kerrow akamwaga chai. Siyad naye akaleta mji unaotawaliwa na mtambo. Mlango wa nyumba, basi, hospitali, kila kitu kinafunguka kwa kidole. Asiyetambuliwa na mtambo anaitwa kivuli.

"Huu ndio wenyewe," akasema Kerrow. Kerrow ni mwalimu wa hesabu, na kila kitu anakijua yeye. "Una giza. Watu wa Nairobi wanapenda giza."

"Giza gani?" nikamwuliza. "Hayo ni maisha yangu ya Jumatatu hadi Ijumaa."

Hakuna aliyecheka, maana wote wanajua. Mwaka wa ule ukame mkubwa, 2011, mifugo yetu iliisha yote. Mama akasikia kambini Dagahaley wanagawa unga na mafuta kwa wakimbizi. Akatubeba, akasema sisi ni wakimbizi, nikabonyeza kidole kwenye mashine. Nilikuwa na miaka minane. Tulikula, alhamdulillahi, na tukarudi nyumbani. Watu wangapi huku walifanya hivyo? Hawahesabiki. Nilipofika miaka kumi na minane nikaenda kuomba kitambulisho, nikabonyeza kidole kilekile, na mashine ikasema mimi ni mkimbizi. Miaka minne sasa nafukuzana na ofisi. Sina kazi, sina laini ya simu kwa jina langu, na daraja la mto Tana, penye kizuizi cha askari wanaodai kitambulisho, sijalivuka. Mama nimeshamsamehe, lakini hasira haijaniisha.

Kura zikawa mbili kwa mji, moja kwa chombo. Hani aliwapigia ngamia wake kura, kisha akaona aibu akahamia mjini. Ikawa tatu kwa moja.

Siyad akanisogelea. "Abaayo, dada yangu, usinune. Huu mji bila wewe ni maneno matupu. Tupe mambo ya ndani, yale yenyewe hasa, na wewe ndiye utakayesimulia Nairobi. Waandaaji watatuandikia barua. Askari wa kizuizini nitaongea nao mimi. Nitakuvusha."

"Utanivusha?"

"Nimesema nitakuvusha."

Nikamwamini. Mjinga mimi! Nikampa kila kitu, yeye akiandika. Nikamwambia jinsi wazee wa kamati ya kuhakiki wanaoomba vitambulisho walivyoniweka mbele yao na kuniambia, haya binti, taja abtirsi yako. Kila mtoto wa kwetu anafundishwa kuwataja mababu zake mmoja mmoja kabla hajajua kuhesabu mbuzi. Nikawataja kumi na wawili bila kupumua. Mzee mmoja akasema, huyu babu yake wa tatu nilichunga naye ngamia. Wakatia saini wote kwamba mimi ni raia. Karani akaichukua ile karatasi, akaitazama mashine yake, kisha akaniambia nirudi mwezi ujao. Nilimweleza Siyad hata nilivyolia chooni nikiwa nimefungulia bomba nisisikike. Hilo sikuwahi kumwambia mama.

"Lo! Hii ni dhahabu," akasema Siyad.

Tukaujaribu mchezo. Hani akawa msichana kivuli. Akasimama mbele ya mtambo, akataja mababu kumi na wawili, wa Hani ni wa kubuni na wawili kati yao wana jina moja, kisha akaingiza mkono kwenye mkebe. Ishirini, namba kubwa kuliko zote! Kerrow akaruka juu, Siyad akapiga mkeka, hata Eeddo akachungulia dirishani kuuliza nani ameolewa.

"Hapana," nikasema. "Hapiti. Mimi ndiye msimulizi, na mtambo unakataa."

"Lakini ametoa ishirini!"

"Hata atoe mia. Hapiti."

Hani akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko kelele zao. Siyad akasema sawa, sawa, mwisho uwe huo. Aliuandika hivyo, nilimwona kwa macho yangu.

Barua ikaja. Ilitaka majina na namba za vitambulisho. Kwenye jina langu Siyad akaacha nafasi tupu, akasema atapiga simu. Siku mbili kabla ya safari akaja akiwa anakwepa macho yangu.

"Abaayo, nimeuliza. Siku hizi kizuizini ni wakali sana. Wakikushusha wewe, watatushusha sote."

"Uliahidi."

"Najua. Tutakuwakilisha."

"Utaniwakilisha vipi, wewe warya? Utavaa kidole changu?"

Eeddo akaniambia nimwache mwanawe, hana makosa. Kweli, hana. Hani alilia, akanikumbatia, akapanda basi. Mimi nikabaki, nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumamosi jioni Siyad akapiga simu. Nyuma yake palikuwa na muziki na watu wakicheka.

"Timiro! Wamesimama! Ukumbi mzima umesimama ukipiga makofi! Tumekuwa wa kwanza!"

"Nani alisimulia?"

"Mimi. Lakini nilisema ni kazi ya kundi zima."

"Na chooni ulipasimulia? Na bomba?"

"Hapo ndipo wengine walilia."

Nikaona afadhali nimwulize tu. "Mtambo ukamkataa Hani?"

Siyad akakohoa. "Unajua, jana tulimwonyesha mwandaaji mmoja kwanza. Akasema ni kazi nzuri, lakini mwisho hauaminiki. Ati mtu ataje mababu kumi na wawili, wazee watie saini, halafu mashine ikatae? Akasema hakuna nchi inayoweza kuwa hivyo, watu watachoka. Basi nikaubadilisha kidogo tu. Hani akachomoa kumi na saba, mlango ukafunguka. Tumempa kitambulisho."

Eeddo alikuwa kando yangu anachambua mchele. Nikaokota kijiwe kwenye mchele wake, nikakitupa nje.

"Hongera zake," nikasema. "Akimaliza kukitumia, niletee mimi."

Siyad akacheka sana. Nikamsikia akiwarudia wenzake maneno yangu, nao wakacheka pia.