Mtani Hanyimwi Kitu

Waliomtuma Taraivini kijijini kwetu na dodoso hawakujua jambo moja: watu wa kisiwa anakotoka yeye ni watani wetu tangu enzi za mababu. Na mtani hajibiwi kweli. Hata msibani hujibiwa kwa kejeli.

Swali zito lilikuwa moja: nani anautumia mwamba ulio mbele ya kijiji? Majibu yakifika Suva, mji mkuu, ndipo ingeamuliwa kama kampuni iufukie ijenge gati. Sisi wanawake tunaokota kome na pweza pale kila maji yakipwa. Basi nilishtuka nilipomsikia Sakiusa, msemaji wa chifu, akimjibu kwamba sisi tunakula samaki wa kopo tu, na mwamba tumeuacha ili watu wa kwao waje kujifunza kuogelea. Ukumbi mzima ukacheka, bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, likazunguka, naye Taraivini akaandika. Tulikuwa tunajimaliza kwa vinywa vyetu wenyewe. Nilitaka kusema, nikashindwa, kwa maana kumjibu mtani kwa uso mkavu ni kumfukuza.

Taraivini akasoma alichoandika, akakunja uso. Akaweka kalamu chini.

“Maswali ya ofisi yamekwisha,” akasema. “Sasa naomba langu. Mtani hanyimwi kitu, au sivyo? Huo mwamba hamuutumii. Nipeni mimi.”

Kicheko kikakatika. Mtani akiomba, humkatalii. Babu yangu aliombwa na mtani mtumbwi mpya, akautoa, akarudi nyumbani kwa miguu. Sakiusa alibaki ameshika bakuli, hanywi wala halipitishi. Saa ile nilimchukia Taraivini, tena sana.

Nyuma, tulikokaa wanawake, akainuka wifi yangu Kelera, mjane. Hakutabasamu.

“Chukua, mtani. Sikunyimi,” akasema. “Ila beba na wanangu wanne. Tangu baba yao afe, nawalisha kwa mwamba ule. Kawalishe wewe.”

Taraivini akauliza polepole, “Unawapa nini kutoka pale, mtani?”

Kelera akaanza kumtajia: kome, kaa, pweza, mwani wa kuuza sokoni. Nikasogea mbele, wenzangu wakanifuata. Taraivini akachukua kalamu na kuyafuta majibu ya Sakiusa yote, Sakiusa mwenyewe akimwangalia, kisha akaanza kuandika ya kwetu.