Inchi Ishirini za Dwight Pelkey

Mimi nilisema inchi nne. Hilo lieleweke kwanza, maana mpaka leo kuna watu mjini kwetu, huku kaskazini mwa Maine, wananitazama kama mwizi wa kuku.

Machi ilikuwa inaishia, watu wameshaanza kukinga utomvu wa miti wachemshe shira. Dhoruba ilikuwa inapanda kutoka pwani. Asubuhi nzima ya Jumatano nilikaa na ramani zangu za hali ya hewa. Juu angani kulikuwa na tabaka la hewa ya vuguvugu, na theluji ikipita humo hufika chini imekuwa maji. Kati ya hesabu sita za kompyuta, moja tu ilitoa inchi ishirini. Nikaandika: inchi nne za theluji, zikizidi sana sita, halafu mvua.

Bosi wetu wa televisheni, Dwight Pelkey, alisoma akacheka.

"Lorna, nani atatutazama kwa inchi nne? Nipe ile ya ishirini."

"Hiyo ni hesabu moja, bosi, na msimu huu imeshatudanganya mara mbili."

"Si nitaweka neno 'huenda'?"

"Weka na jina lako basi. Langu usiliguse."

Nikaenda kula. Niliporudi, tangazo lilishapita mara tatu: HUENDA INCHI ISHIRINI, na chini yake picha yangu, natabasamu. Nilimfokea mpaka koo likakauka. Akaniambia niende nikapake poda. Jioni nilisoma inchi zangu nne hewani, lakini nani alisikia? Madukani mkate ulishakwisha, watu wakihofia kufungiwa na theluji.

Alhamisi zilianguka inchi tatu na nusu, na kufika adhuhuri mvua ilishazifuta. Watu walinizomea barabarani. Nikavumilia.

Jumamosi, kwenye foleni ya dukani, alinijia Ginette Ouellette, muoka mikate. Hakupaza sauti.

"Dada Lorna, mama alikuwa hospitali, kule mjini Bangor. Nilikuwa niende Jumatano jioni. Nikaona picha yako, nikasema nisije nikafia njiani. Amefariki Alhamisi saa nane mchana, mimi niko dirishani naangalia mvua."

"Ginette, mimi sikusema..."

"Picha ilikuwa ya nani?"

Niliweka kikapu chini. Nikatoka mikono mitupu, nina hasira.

Jumatatu, hewani, niliacha ramani nikaitazama kamera. "Mimi nilitabiri inchi nne. Ishirini aliziweka Dwight Pelkey, akijua si kweli, kwa sababu woga unaleta watazamaji. Kuna mtu hakumuaga mama yake."

Wakakata matangazo. Pelkey alinisubiri mlangoni, koti langu mkononi mwake.

"Umetuaibisha!"

"Mimi? Mimi, Dwight?"

Yeye bado yuko kwenye kiti chake. Mimi siku hizi nawatabiria madereva wa halmashauri wanaosukuma theluji barabarani. Nikisema nne, wanapakia chumvi ya kutosha kuyeyusha nne.

Ginette nilimwandikia barua. Hajajibu. Mkate wake bado nanunua. Ananifungia, ananikabidhi bila neno, kisha anamwita anayefuata.