Robe iliyomkataa Bijou

Robe, gauni jipya aliloagiza, ilimkataa Bijou kifuani, ikamkataa na kiunoni, na Jumapili kwaya yake ilipaswa kuimba wote wamevaa kikwembe kimoja, kitenge cha rangi ileile. Mama Alphonsine, mshonaji aliyekimbia vita kule Fataki na mashini yake kichwani, aliigeuza-geuza mikononi. Ndiyo kwanza ameanza kujulikana hapa Bunia. Kwaya nzima ikisema hajui kushona, nani atamletea tena kitambaa?

Akamwita Orly, fundi wa kompyuta aliyemtengenezea site, ukurasa wa intaneti wa kupokea kazi kwa telefone. Orly ndiye aliyepanga kwamba mteja aandike vipimo vyake mara moja tu, site ivikumbuke siku zote, na jambo hilo alilipenda kuliko yote. Sasa alifungua ordinateri yake, akajaribu kuagiza nguo, akajaribu tena. Kila mara site ilimtambua vizuri: Orly, na vipimo vya Orly. Kosa halikuonekana. Hamu ya kujua ikamshika: hawa wateja, kule kwao, wanafanyaje?

Akamfuata Bijou mpaka mtaa wa Ngezi, akamwomba afanye kama alivyofanya siku ile ya kuagiza, yeye atazame tu.

Bijou akaita upande wa pili wa parsele, ua wanaokaa pamoja na majirani, "Elodie, leta telefone."

Elodie akaja akipangusa unga wa mihogo mikononi, mwembamba kama ufito. Telefone ilikuwa ya parsele nzima. Walichanga pesa za mega, bando la intaneti, nayo ikazunguka mkono kwa mkono. Elodie ndiye aliyetangulia kuagiza nguo. Bijou alipofungua site, ikamletea vipimo vya jirani yake, naye akabonyeza ndiyo.

"Iliniuliza kama ni vile vya siku zote," Bijou akasema. "Nikawaza, hii kitu iko na akili, inanijua."

"Ikujue weye, na ule mwili?" Elodie akacheka. "Ilikuwa inakusifu tu."

Orly akarudi kwa mshonaji. "Kosa ni langu, Maman. Telefone yangu naitumia peke yangu, nikafikiri na za wengine ni vile."

Mama Alphonsine alikuwa anafumua robe tayari. Ndani ya mshono kulibaki kitambaa kipana.

"Naachaka nafasi, mutoto yangu," akasema. "Mutu anaweza nenepa. Anaweza beba mimba. Mi najua?"

Orly akakishika kile kitambaa, akakipima kwa vidole. Kisha, juu ya meza ileile ya kukatia, akafuta kumbukumbu zote za vipimo. Tangu hapo site inauliza kwanza: nguo hii ni ya nani?

Jumapili Bijou aliimba mstari wa mbele, mikono juu, na hakuna mshono uliolia. Kesho yake Elodie akaagiza. Nguo ni ya nani? Ya mama yangu, iko kule kijiji cha Boga. Na pale pa vipimo akaandika: kama Bijou.

Orly akakaa analitazama lile jibu, anajikuna kichwa: site yake haimjui Bijou.