Wote Wapo

Mwalimu Kamati alibandikwa jina hilo kwa sababu shuleni hapo hapakuundwa kamati asiingizwe, na ya usalama aliingizwa siku ambayo alikuwa mgonjwa kitandani. Tangu hapo moto ukawa mali yake. Ndiye aliyechora mishale ukutani, ndiye aliyeandika kibao cha MAHALI PA KUKUSANYIKA, na ndiye aliyesemwa mwaka jana zoezi la dharura lilipochukua dakika kumi na moja.

"Dakika tano," sajenti wa zimamoto alikuwa amesema, bila kupandisha sauti. "Mkizidi tena, nafunga shule mpaka mjirekebishe."

Dakika sita kati ya hizo kumi na moja zililiwa na kuita majina. Watoto mia nne na kumi na wawili, na kila mmoja lazima aitike. Basi siku moja kabla ya ukaguzi walimu wakakaa, wakakubaliana jambo la busara kabisa: madaftari ya mahudhurio ya zoezi yajazwe mapema. Si watoto ni wale wale? Kamati alijaza la Darasa la Tatu, darasa lake, ambamo bintiye naye alisoma. Akaweka alama za vema hamsini na nane kwa mkono mzuri, akaenda zake nyumbani roho nyeupe.

Kesho yake, kama kwa makusudi, hakuna mtoto aliyekosa kuja. King'ora kikalia saa nne na dakika tano. Watoto wakatoka kwa mistari, viranja mbele, hakuna aliyerudia mkoba. Kamati alisimama uwanjani na stopwochi, akapokea madaftari moja baada ya jingine.

"Wote wapo, afande. Dakika tatu na sekunde arobaini."

Mwalimu mkuu akaanza kupiga makofi, shule nzima ikafuata. Sajenti alingoja yaishe.

"Nina kamchezo kangu, mwalimu. Kabla ya king'ora, mwenzangu humchukua mtoto mmoja aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni, akakaa naye ndani. Sasa niambie, vijana wangu wakamtafute nani?"

Kamati akafungua madaftari. Yote yalimwambia neno lile lile.

"Wewe tafuta tu," sajenti akasema. "Huyo wa ndani anavuta moshi."

Wakaanza upya, jina kwa jina, kuanzia Darasa la Kwanza. Stopwochi hakuna aliyekumbuka kuizima. Kamati aliachana na karatasi, akapita kwenye mistari akitazama nyuso. Kwenye Darasa la Tatu akaona pengo, kati ya wale mapacha na yule mrefu, mahali ambapo vingekuwapo viatu alivyovipiga rangi yeye mwenyewe asubuhi. Aliogopa, akaogopa kweli kweli, ingawa alijua vizuri kwamba hakuna moto.

"Ni binti yangu," akasema.

Mtoto akaletwa na mwanamama wa zimamoto, kofia ya chuma imemfika puani, biskuti mkononi.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Stoo ya ramani. Baba, tuliwasikia mkipiga makofi. Nikamwambia shangazi huyu, haya, sasa wanakuja."

Mwalimu mkuu akakohoa, kikohozi cha kumkumbusha mtu jambo. Kamati akachukua fomu ya ukaguzi mikononi mwa sajenti, na kwenye nafasi ya muda uliotumika akaandika mwenyewe: dakika ishirini na tatu.

Sajenti akaisoma, akaikunja, akawatangazia watoto kwamba shule imefungwa hadi atakaporudi. Wakapiga makofi zaidi kuliko mara ya kwanza. Binti yake Kamati hakupiga. Mkono mmoja ulikuwa na biskuti, na wa pili ulishikwa na baba yake, ambaye hakuwa na haraka ya kuuachia.