Uchovu Uliopewa Kiti

"Mama Ngatia, huyo anakufuata nyuma ni mgeni ama ni mfanyakazi?" jirani yake Kagure aliuliza siku moja kutoka upande ule mwingine wa ua wa michongoma.

Watiri alikuwa anapanda kutoka bondeni na mzigo wa nyasi za ng'ombe mgongoni, kamba imemshika paji la uso. Hakugeuka, maana kamba hairuhusu.

"Ni uchovu yangu," alisema. "Ilikuja na ile dawa ya kolestro."

"Na haijui kubeba nyasi?"

"Inajua tu kuegemea."

"Basi si mfanyakazi," Kagure alisema, akarudi kwa kuku wake.

Dawa hiyo Watiri alipewa pamoja na mumewe, Mutahi, Jumapili ile daktari Gathogo alikuja kanisani kwao Chaka kudunga watu vidole baada ya ibada. Wote wawili walikutwa na mafuta mengi kwenye damu. Wote wawili walipewa tembe za aina moja za kumeza kila jioni, wakaambiwa wasiziache mpaka daktari mwenyewe aseme. Mvua ilipokwisha, wote wawili walikuwa wamechoka kabisa, na uchovu wa kila mmoja ukamtoka mwilini, ukasimama kando yake, watu wakauona.

Uchovu wa Mutahi ulikuwa mnene, wenye koti, na haukupenda maneno mengi. Ulikaa kwenye sofa ya katikati, ile yenye vitambaa vya kufuma, naye Mutahi akakaa kando yake. Uchovu wa Watiri ulikuwa mwembamba, umejifunga leso kichwani. Haukukaa, kwa sababu Watiri mwenyewe hakuwa amekaa.

Mutahi ni mzee wa kanisa, kwa hivyo uchovu wake ulitangazwa. Jumamosi kina mama wa kanisa walikuja na unga, sukari na mikate, wakiimba tangu langoni. Waliusalimia kwa mkono, mmoja mmoja. Waliona unatetemeka, maana baridi ya kwao huko Kieni haijui mgeni, na juma lililofuata wakauletea sweta. Pasta aliweka mkono begani mwake akaomba mpaka chai ikapoa. Watiri aliipasha moto tena. Aliwapikia mukimo, akaosha vikombe, akawasindikiza hadi barabarani kama inavyotakikana, uchovu wake umemlalia bega.

"Kumbe hata wewe uko na wako?" mama mmoja aliuliza pale barabarani.

"Niko nao."

"Wawili kwa boma moja ni wengi, Mama Ngatia. Si ungengoja mzee apone kwanza?"

Wakacheka, na Watiri akacheka nao, kwa sababu walikuwa wageni wake.

Kufuatwa hakukumsumbua. Shida yake ilikuwa mikono. Asubuhi alikuwa akikaa chini ya ng'ombe, vidole vinakataa kubana. Maziwa yalibaki kwenye kiwele, na ng'ombe, ambaye hana subira ya Ayubu, aliipiga ndoo teke. Ng'ombe asiyekamuliwa maziwa yakaisha hukauka, na huyo ndiye alikuwa analisha nyumba. Kuacha dawa mwenyewe Watiri hakutaka. Aliambiwa asiache, na yeye ni mtu wa kutii. Akasema ataenda Nyeri amwambie daktari, na Mutahi akasema hata yeye ataenda.

Pale kliniki daktari Gathogo alimvutia Mutahi kiti. Akavuta kingine, akaukaribisha uchovu wake.

"Karibu mzee. Na wewe pia, karibu. Mzee, umeanza kuchoka lini?"

"Tangu hiyo dawa."

"Miguu inauma?"

"Hata nikikaa."

"Pole sana. Hii si wewe, mzee, ni dawa. Kuna watu inawafanya hivyo. Tutakubadilishia nyingine."

"Na mimi, daktari," Watiri alisema. "Dawa ni hiyo hiyo. Mikono imekataa kukamua."

Daktari aliangalia uchovu wake, uliokuwa umesimama mlangoni kwa kukosa kiti.

"Mama, leo umekata nyasi?"

"Nimekata."

"Umepika?"

"Hata wewe ukikuja nitakupikia."

"Si umejijibu? Hiyo ni kazi, si dawa."

"Kazi nimefanya tangu niolewe, daktari. Hakuna kitu ilikuwa inanifuata."

"Basi ni umri."

"Baba Ngatia amenipita umri."

Mutahi alikohoa. "Mama Ngatia, usibishane na daktari. Mimi umenisikia nikibishana?"

"Jikaze kidogo, mama," daktari alisema kwa upole, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Endelea na hizo zako. Usiache hata siku moja."

Akamwandikia Mutahi dawa mpya. Uchovu wa Mutahi ulipoona kwamba umeambiwa uondoke, ulisimama, ukampa daktari mkono. Haukuwa na pa kwenda. Ulizoea nyumba yenye mtu wa kuupikia, na huko nje haukujua mtu. Ukatazama chumba chote pole pole, kisha ukamzunguka Watiri, ukampanda mgongoni, ukajishika shingoni mwake. Daktari aliusogezea kiti pembeni ili upite vizuri.

Mutahi alisimama, akanyoosha miguu, akatembea hadi dirishani na kurudi.

"Nasikia niko mwepesi kama kijana," alisema.

"Mungu ni mwema," daktari alisema.

"Wakati wote. Mama Ngatia, tukifika nyumbani nitakula vizuri leo."

Watiri alikaza leso kiunoni. Alichukua dawa mpya ya mumewe na tembe zake zile zile, akainama kidogo mlangoni ili huyo wa mgongoni asigonge kichwa, akatoka, na ule wake mwembamba ukamfuata nyuma.